Kupima uzuri na udhaifu wa filamu ya taharuki ya kisayansi

Kwanza hakikisha unatazama filamu yenyewe. Muvi za kutafsiriwa zinazopatikana Kariakoo na kuoneshwa kwenye vibanda umiza vya uswahilini zina utamu wake, na mtafsiri hodari huongeza raha. Lakini sauti yake hufunika muziki, ukimya na mlio wa mashine, na filamu za aina hii huficha hofu humohumo. Kwa tathmini, tafuta nakala yenye sauti yake ya asili.

Ukitumia runinga, ingia kwenye mipangilio ya picha uzime ulainishaji wa mwendo. Filamu nyingi hurekodiwa kwa fremu, yaani picha moja moja, 24 kwa sekunde. Runinga za kisasa hujitungia fremu za katikati, na chombo cha anga kilichogharimu mamilioni kikaonekana kama kimepigwa picha studio ya tamthilia. Wengi huilaumu filamu kwa kosa la runinga.

Mara ya kwanza tazama mfululizo, simu ikiwa mbali, ukiandika tu dakika uliyochoka au kupotea. Mara ya pili ndiyo ya kazi.

Anza na kanuni. Andika kwa sentensi moja teknolojia inayobeba hadithi inafanya nini, haiwezi nini, na anayeitumia anapoteza nini. Pembeni andika dakika kila jambo lilipofahamishwa. Katika filamu ya saa mbili, mambo hayo yawe yamejulikana kufikia dakika ya 40 hivi. Uwezo mpya ukizuka dakika ya 100 kumwokoa steringi, hapo pana udhaifu mkubwa kuliko wote, kwa sababu tangu hapo mtazamaji anajua kwamba hatari yoyote inaweza kufutwa, na haogopi tena. Filamu isiyotaja kabisa gharama ya teknolojia yake huangukia shimo hilohilo.

Makosa ya sayansi yapimwe kwa mahali yalipo. Katika Gravity ya 2013, wanaanga wawili wanatoka kwenye darubini ya Hubble hadi Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu kwa kifaa cha kubeba mgongoni. Haiwezekani: Hubble huizunguka Dunia kwa mwinamo wa nyuzi 28.5 kutoka ikweta, Kituo nyuzi 51.6, tena kwa vimo tofauti. Kubadili njia kiasi hicho kunataka mafuta ambayo kifaa kile hakiwezi kubeba. Liandike kama kosa. Lakini filamu hiyohiyo inaheshimu ukweli kwamba sauti haisafiri kwenye ombwe, yaani mahali pasipo hewa: vifusi vinararua chombo bila mlio wa mlipuko, na tunabaki na muziki, pumzi na mitetemo inayopita kwenye vazi. Taharuki yake inategemea oksijeni inayopungua, si hesabu za njia, kwa hiyo kosa lile halibomoi kitu. Lingekuwa kwenye oksijeni, hukumu ingekuwa nyingine kabisa.

Kwa taharuki, chora safu tatu daftarini: nani anaijua hatari, muda gani umebaki, nini kitapotea. Chagua matukio matano ya hatari na uyajaze. Safu ya tatu ikibaki tupu mara mbili au zaidi, umeshapata sababu ya watu kushika simu katikati ya filamu. Ikiwa kuna saa inayohesabu kurudi nyuma, ipime kwa saa yako. Sekunde 30 zinazodumu dakika mbili ni uhariri uliopoteza udhibiti.

Picha za kompyuta zisikule muda. Angalia vivuli, uzito wa hatua, na kama mwanga wa kitu cha kubuni unaangukia uso wa mwigizaji. Muhimu zaidi ni adui: akifanya ubaya kwa sababu tu mashine yake inaweza, mwandishi hakumaliza kazi.

Ukiandika tathmini, kila sifa na kila kasoro iwe na dakika na sababu. "Muvi kali" haimsaidii mtu. "Dakika ya 52 tunajua mlango umefungwa kabla ya daktari kujua, ndiyo maana tukio linabana" inamsaidia. Yanayofichua mwisho yaweke chini kabisa, na onyo juu yake, maana kuna atakayeisoma kwenye mwendokasi akiwa njiani kwenda kuitazama.