Somo: Jinsi ya kutafuta na kujiunga na majaribio ya tiba kwa mgonjwa wa uvimbe kwenye ubongo

Habari zenu wapendwa. Leo tuingie kwenye jambo ambalo wengi mnaliuliza mionzi ikishaisha, wakati lilipaswa kuulizwa kabla mgonjwa hajaingia chumba cha upasuaji.

Majaribio ya tiba ni utafiti unaopima dawa au njia mpya kwa wagonjwa walioridhia wenyewe. Temozolomide, vile vidonge vya kemo ambavyo wagonjwa wa glioblastoma (uvimbe mkali wa ubongo unaokua haraka) humeza sambamba na mionzi, vilithibitishwa kwa njia hiyo: wagonjwa 573, majibu yakachapishwa 2005. Waliokuwa hai baada ya miaka miwili walikuwa asilimia 26.5 kwa waliopata mionzi na vidonge, na asilimia 10.4 kwa waliopata mionzi peke yake.

Hatua ya 1: Uliza kabla ya kisu. Watafiti huangalia kwanza mgonjwa ameshatibiwa nini. Utafiti wa vorasidenib, dawa ya uvimbe wa ubongo unaokua polepole, uliotoa majibu 2023 ulipokea watu waliofanyiwa upasuaji tu. Aliyekwisha kupata mionzi au kemo hakuingia. Sisemi mcheleweshe matibabu, maana glioblastoma haina subira. Nasema mumuulize daktari mapema: "Dokta, kuna utafiti wowote unaomfaa mgonjwa wetu kabla hatujaanza?"

Hatua ya 2: Fuatilieni kinyama, yaani kipande cha uvimbe kilichotolewa ili kupimwa. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo familia nyingi zinapokwama. Kinyama kikishatolewa, maabara ya patholojia hukiweka ndani ya kipande kidogo cha nta, chenye namba, na kukihifadhi. Watafiti wakitaka kupima vinasaba vya uvimbe, watataka kipande hicho chenyewe, karatasi ya majibu haitawatosha. Kwa hiyo nakilini namba ya maabara iliyo kwenye karatasi ya majibu, ulizeni wanakitunza kwa muda gani, na mtu akitaka kukitoa afuate utaratibu upi.

Ulizeni pia kama kimepimwa IDH na MGMT, vinasaba viwili vya uvimbe. Tangu mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021, uvimbe wa mtu mzima wenye mabadiliko ya IDH hauitwi tena glioblastoma. Karatasi iliyoandikwa "uvimbe mbaya wa ubongo" bila zaidi haitawafikisha mbali. Na picha za MRI ziombeni kwenye CD, msiridhike na filamu tu.

Hatua ya 3: Faili moja. Tarehe ya upasuaji, tarehe mionzi ilipoanza na ilipoisha, dozi yake, na dawa zote kwa miligramu. Dawa za aina mbili huwafungia watu mlango. Ya kwanza ni dexamethasone, dawa ya kupunguza uvimbe wa maji kwenye ubongo: tafiti nyingi za dawa zinazoamsha kinga ya mwili huweka kikomo cha dozi. Ya pili ni dawa za degedege. Phenytoin, phenobarbital na carbamazepine, ambazo ndizo zinazopatikana kirahisi kwetu, huchochea ini kuvunja dawa nyingine haraka, hivyo tafiti kadhaa huwakataa wanaozitumia. Mwulizeni daktari kama mgonjwa anaweza kuhamia levetiracetam, dawa nyingine ya degedege isiyochochea ini hivyo. Nawasihi, msibadilishe wala kukatisha dawa hizi wenyewe. Ni hatari.

Hatua ya 4: Kutafuta. Ingieni ClinicalTrials.gov, daftari la Marekani linaloorodhesha tafiti za nchi nyingi. Andikeni jina la ugonjwa kama lilivyo kwenye majibu ya kinyama, kisha chagueni Recruiting, yaani wanaoendelea kupokea wagonjwa. Kila utafiti una namba inayoanza na NCT. Nakilini namba hiyo, ndiyo daktari atakayoitumia. Tafiti za Afrika zitafuteni kwenye PACTR, daftari la majaribio ya tiba la Afrika lililoko Cape Town. Niwe mkweli: tafiti nyingi za uvimbe wa ubongo ziko Marekani, Ulaya na China. Jambo moja la kushika: utafiti kuorodheshwa kwenye daftari hakumaanishi serikali imeukagua na kuuona salama.

Hatua ya 5: Someni masharti, kisha wasilianeni. Masharti ya kuingia huwa ni orodha ndefu. Anzeni na umri, matibabu yaliyopita, na alama za Karnofsky. Hizi hupima uwezo wa mgonjwa: 70 ni anayejihudumia mwenyewe ingawa hawezi kufanya kazi, na tafiti nyingi hutaka 60 au 70 kwenda juu. Barua ya kwanza iwe fupi: utambuzi, IDH, matibabu, tarehe. Fomu ya ridhaa isomeni nyumbani na ndugu mmoja mtulivu, msiisaini siku hiyohiyo kwenye benchi la kliniki.

MASWALI YA WANACHAMA

*Shikamoo dada. Baba ameshapasuliwa na kumaliza mionzi. Tumechelewa?*

Marahaba mdogo wangu. Hamjachelewa kabisa. Kuna tafiti za uvimbe uliorudi. Ila MRI ya wiki 12 za mwanzo baada ya mionzi inaweza kuonyesha uvimbe umekua kumbe ni athari za mionzi yenyewe, ndiyo maana watafiti wengi husubiri muda huo upite. Tumieni muda huo kukamilisha faili.

*Mama anaogopa atapewa kidonge kisicho na dawa, aachwe afe.*

Mwambie mama hofu yake ina msingi, na ana haki ya kuuliza. Kwenye glioblastoma mpya, kwa kawaida kila mmoja hupata matibabu ya kawaida, halafu kundi moja ndilo linaongezewa dawa mpya. Kwenye ule wa vorasidenib kweli kulikuwa na kidonge kitupu, lakini wagonjwa wale walikuwa na uvimbe unaokua polepole, na aliyeonekana uvimbe umekua aliruhusiwa kuhamia dawa yenyewe. Anaweza pia kujitoa siku yoyote bila kunyimwa matibabu yake ya kawaida.

*Kuna mtu ametuambia tulipe "ada ya usajili" atuingize kwenye utafiti India.*

Msimpe hata senti. Mwombeni namba ya usajili wa utafiti, jina la kamati ya maadili iliyouidhinisha na fomu ya ridhaa. Kwa kawaida dawa ya majaribio hailipiwi na mgonjwa. Gharama zitakazowaangukia ni nauli, malazi na kukaa karibu na kituo kwa wiki nyingi, na hizo mzipigie hesabu kabla ya viza.

*Kaka yangu yuko Ohio, ana Medicaid, Kiingereza hakipandi.*

Tangu Januari 1, 2022 Medicaid, bima ya afya ya serikali ya Marekani kwa wenye kipato kidogo, inatakiwa kulipia huduma za kawaida za mgonjwa aliye kwenye utafiti unaokidhi vigezo, kama vitanda, vipimo na kumwona daktari. Hospitali inayopokea fedha za serikali kuu inatakiwa kumpa mkalimani bure. Aombe wa Kiswahili anapopanga miadi, na siku ya ridhaa asimtumie mtoto wake kutafsiri.