Dalili si mvua: acheni kupanda kwa wingu moja

Dalili ya mvua ni mawingu, sawa. Lakini methali ile haikusema ubebe jembe na mbegu ukimbilie shambani. Msimu hadi msimu kosa ni lilelile: wingu jeusi linajikusanya alasiri, linamwaga mvua ya nusu saa, watu wanaitana, na kesho yake kufikia saa nne shamba zima limeshapandwa. Wiki mbili baadaye napigiwa simu: "Bwana shamba, mbegu ulizotushauri ni mbovu."

Mbegu hazikuwa mbovu. Nilifukua mashimo kumi kwenye shamba moja la namna hiyo. Punje za mahindi zilikuwa zimevimba, ganda limepasuka, kimzizi kimechomoza urefu wa ukucha kisha kimekauka, kahawia kama njiti ya kiberiti iliyoungua. Udongo wa juu ulikuwa umefanya ukoko. Vidole vinne chini yake, vumbi. Punje ya hindi ikishanyonya maji yanayofikia kama asilimia 30 ya uzito wake, kazi ya kuota imeanza, na kimzizi kikishatoka hakuna kurudi nyuma. Iliyolala kwenye udongo mkavu kabisa inaweza kusubiri. Iliyoloweshwa nusunusu haina pa kusubiria.

Wingu linalowaponza ni kumulonimbasi, lile refu kama mlima, kitako cheusi, kichwa kimetandazwa kama fuawe ya mhunzi. Kitako chake huwa chini ya kilomita 2 au karibu na hapo, na kichwa kinaweza kuvuka kilomita 12. Lina vishindo, lakini likiwa peke yake upana wake ni kilomita chache tu, na huishi nusu saa hadi saa moja hivi. Ndiyo maana linakulowesha wewe huku kwa jirani ng'ambo ya kijito vumbi linatimka. Likirudi siku baada ya siku, hilo ni jambo jingine. Sehemu kubwa ya mvua za nchi za joto hutokana na mawingu ya jamii hii. Moja peke yake si msimu.

Mwenzake anayedharauliwa ni nimbostratasi: blanketi la kijivu lisilo na umbo, jua huoni hata lilipo, mvua ya taratibu kwa saa nyingi. Halitishi mtu, lakini maji yake yanazama badala ya kukimbilia mtaroni. Sirasi, zile nyuzi nyeupe za barafu juu kabisa, hazikuletei tone.

Mawingu ya vipande vipande ndiyo wengi huyachanganya. Tazama vilivyo juu angani, si vile vya karibu na upeo, kisha nyoosha mkono wote. Usikunje kiwiko, ukikunja umeharibu kipimo. Kipande kikifichwa na kidole kidogo kimoja, ni wingu la juu sana, sirokumulasi. Upana wa kidole kimoja hadi vitatu ni altokumulasi, la kimo cha kati. Kikizidi vidole vitatu ni stratokumulasi, la chini, na mara nyingi likijitahidi sana linatoa rasharasha. Altokumulasi za asubuhi zikiota vinara juu yake kama minara, tarajieni ngurumo mchana. Ngurumo, nimesema. Sijasema mpande.

Utabiri wa wiki nao unasomwa vibaya. Mtu anaona picha ya wingu na matone siku ya Alhamisi, basi, anatafuta vibarua. Soma maneno! "Mvua katika maeneo machache" haijakuahidi wewe. Asilimia 60 maana yake katika siku kumi za namna hiyo, sita zitanyesha na nne hazitanyesha. Haikuambii itanyesha kiasi gani. Siku 3 za mwanzo zina uzito kuliko ya 6 na ya 7, kwa hiyo utabiri uliousoma Jumatatu usiupandie Ijumaa. Usome upya kila jioni. Unachotafuta ni siku kadhaa za mvua zilizotawanyika ndani ya wiki, si siku moja ya radi ikifuatiwa na jua tupu.

Sasa vipimo, na hapa sitaki "kama kama". Tafuta kopo lenye kuta zilizonyooka, mdomo sawa na kitako. Ndoo inayopanuka juu haifai, itakuonyesha mvua kubwa kuliko iliyonyesha. Liweke mahali pa wazi, mbali na mti au nyumba angalau mara mbili ya kimo chake: mti wa mita 5, kopo mita 10. Pima kwa rula kila siku saa 3 asubuhi, andika, mwaga. Milimita 1 ni lita 1 kwa kila mita ya mraba.

Kopo likikupa jumla ya milimita 25 katika siku zisizozidi 3, bado hujapanda. Chimba mashimo matano, sentimita 15 kila moja, mawili yakiwa kwenye mwinuko. Chukua udongo wa chini kabisa ufumbate: ukishikana, unyevu umefika, ukimwagika vidoleni, funga gunia la mbegu urudi nyumbani. Udongo wa mfinyanzi hupitisha maji polepole, kwa hiyo mwenye mfinyanzi asiniletee hesabu za kopo bila shimo. Na milimita 12 haziwi 25 kwa sababu wingu jingine linanguruma ng'ambo.

Kopo, shimo na utabiri vikikubaliana, panda ndani ya siku 2. Kuna wanaosubiri vizuri kisha wakaendelea kusubiri hadi unyevu umeondoka, nao nawahesabu kundi lilelile.

Mkiwa shambani radi ikipiga, hesabu sekunde hadi ngurumo isikike. Kila sekunde 3 ni kilomita 1. Zikiwa 30 au pungufu, acha jembe, toka, urudi dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.

Mahindi yakichomoza kwa pamoja ndani ya siku 5 hadi 10, umepatia. Siku ya 10 kagua mapengo.