Kibarua akianza kuropoka juani

Februari tulikuwa tunamwaga zege la slabu Mbagala. Saa 7 mchana kijana wa kubeba ndoo, siku yake ya pili kazini, akaanza kuropoka na kuyumba. Nikamgusa shingoni: moto kama sufuria. Hicho ni kiharusi cha joto, mwili umepita nyuzi 40. Usidanganywe na jasho. Wengine hukauka, yeye alikuwa amelowa chapachapa. Ukiona akili imevurugika, hiyo ni hatari ya kufa.

Usingoje bajaji ndipo uanze. Tulimlaza kivulini, tukamvua shati na buti, tukammwagia maji ya pipa mwili mzima bila kukoma, wawili wakimpepea kwa vipande vya silingibodi. Barafu ya mama wa juisi tukaiweka shingoni, kwapani na kwenye kinena. Hatukumnywesha kitu, maana aliyechanganyikiwa hupaliwa. Vidonge vya homa havisaidii hapa. Hata ndani ya bajaji tuliendelea kummwagia maji, mpaka hospitali.

Sasa zege naanza saa 12 alfajiri, saa 6 tunapumzika kivulini. Kila dakika 20 kikombe cha maji, kiu iwepo isiwepo. Mgeni nampa kazi nyepesi wiki nzima, mwili uzoee kwanza.