Namna ya Kutangaza Tahadhari ya Tsunami kutoka Studio ya Unguja au Pemba

Tetemeko la Sumatra la tarehe 26 Disemba 2004, lenye ukubwa wa 9.1, lilipiga kabla ya alfajiri kwa saa zetu; mawimbi yake yakaua watu Sri Lanka na India asubuhi, na yalipofika pwani yetu mchana yakaua Watanzania pia. Tetemeko la mbali humpa mtangazaji wa visiwani saa kadhaa, na hizo ndizo saa za kuokoa watu.

Anza na chanzo. Tahadhari za Bahari ya Hindi hutolewa na vituo vya Australia, India na Indonesia, na kwetu hupitia Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Wapigie hao, pamoja na Kamisheni ya Kukabiliana na Maafa Zanzibar, na usisome hewani ujumbe uliozagaa kwenye simu. Tarehe 12 Agosti 2020, tetemeko la ukubwa wa karibu 6 lilitokea baharini kusini-mashariki mwa Dar es Salaam bila tsunami kufuata. Siku kama hiyo, kusema kwamba hakuna tahadhari iliyotolewa ni habari kamili. Hata hivyo, waambie walio ufukweni kwamba wakisikia ardhi ikitikisika kwa nguvu au kwa muda mrefu, waondoke bila kusubiri redio.

Saa zihakikiwe na watu wawili. Taarifa za vituo huandikwa kwa saa za kimataifa, hivyo ongeza saa tatu, kisha uitamke kama tunavyohesabu sisi: 09:58 ni saa saba kasoro dakika mbili mchana. Mtangazaji akisoma "saa tisa" kama ilivyoandikwa, atakuwa amewaambia watu wakati usio wa kweli, na hilo halisameheki.

Agizo litangulie takwimu. Japani, tarehe 11 Machi 2011, tahadhari ya kwanza ilikadiria mawimbi ya mita 3 kwa baadhi ya pwani. Makadirio yalipopandishwa hadi zaidi ya mita 10, wengi hawakuyasikia kwa sababu umeme ulikuwa umeshakatika. Kwa hiyo sema kwanza nani aondoke na aelekee wapi.

Taja mahali na watu kwa majina wanayojitambua: wakulima wa mwani wa Paje na Jambiani, wachokoa pweza wa Makunduchi, wavuvi walioko dago (kambi za uvuvi), wakaazi wa mwambao wa Micheweni. Wakati wa bamvua, yaani siku za maji makubwa, maji yetu hupwa mbali kila siku, basi kuonya tu kwamba "bahari ikirudi nyuma kimbieni" kunachanganya. Eleza kwamba dalili ni kupwa kwa ghafla, nje ya wakati wake, na kwamba wimbi linaweza kuja bila dalili hiyo. Vyombo vilivyoko maji makuu visikimbilie bandarini.

Televisheni iandike tarehe na nchi juu ya kila picha ya maafa ya kwingine, na agizo libaki kwenye skrini muda wote.

Wimbi la kwanza huenda lisiwe kubwa kuliko yote, na yanayofuata huweza kuchelewa hata saa nzima, hivyo usitangaze usalama mpaka tahadhari iondolewe rasmi. Ikiondolewa bila madhara, eleza sababu siku hiyohiyo: tarehe 11 Aprili 2012 tetemeko la 8.6 lilileta mawimbi madogo kwa kuwa miamba iliteleza kwa ubavu, bila kuinua sana sakafu ya bahari. Msikilizaji asiyeelezwa hivyo ataipuuza tahadhari inayofuata.