Jinsi ya kushona mfarishi wa vitenge ukiwa na baridi yabisi

Kushona hakujanishinda. Kilichonishinda ni uzito.

Mfarishi wa kitanda cha tano kwa sita una matabaka matatu: uso wa viraka, blanketi katikati, bitana chini. Kwa njia niliyofundishwa nikiwa msichana, unaunganisha uso wote kwanza, unautandaza sakafuni juu ya blanketi na bitana, unapiga bandi, ile mishono mirefu ya muda ya kushikiza matabaka, ukiwa umepiga magoti, kisha unausukuma wote upite chini ya sindano ya cherehani. Nilifanya hivyo miaka mingi hapa Lushoto, ambako mwezi wa sita na wa saba mtu anataka kitu kizito kitandani. Halafu baridi yabisi ikanishika. Ilianza na vidole na viwiko vya mikono yote miwili, ikaja magoti, ikamalizia nyonga. Ndani natembea kwa fremu, nje natumia kiti cha magurudumu. Sakafuni sishuki tena.

Karibu mwaka mzima sikugusa cherehani, na mwaka huo uliniumiza kuliko viungo vyenyewe. Kilichonirudisha ni kubadili mpangilio wa kazi: kila mraba nashona peke yake ukiwa tayari na matabaka yake matatu, na miraba naiunganisha mwishoni. Hivyo kwa wiki nyingi nilicho nacho mapajani hakizidi uzito wa taulo dogo. Nakueleza ninavyofanya, kwa mfarishi wa miraba 30, mitano kwa sita.

Hatua ya 1: Jua saa zako

Ugonjwa huu ni kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe. Hauletwi na hali ya hewa ya Lushoto, ingawa asubuhi za baridi viungo hukaza zaidi. Mimi huamka vidole havikunjiki. Naviloweka kwenye beseni la maji ya vuguvugu, nakunywa chai, na sishiki sindano kabla ya saa nne. Saa nne hadi saa sita ndiyo saa yangu. Wewe tafuta yako: andika kwa wiki mbili ni wakati gani mikono imetulia, na uulinde wakati huo, watu wa nyumbani waujue.

Natega kengele ya simu kila dakika 20. Ikilia nasimamisha mshono hata kama zimebaki inchi tatu, nanyoosha vidole, nageuza mabega, napumzika dakika kumi. Hili lilinichukua muda kulikubali, maana fundi anataka kumaliza mstari. Lakini ukisubiri maumivu yakuambie acha, umeshachelewa. Na maumivu yakiendelea zaidi ya saa mbili baada ya kazi, kesho yake punguza. Kiungo kikiwa kimevimba na kina joto, siku hiyo kipumzishe kabisa.

Dawa yangu kuu naimeza mara moja tu kwa wiki, Ijumaa usiku. Jumamosi mwili hauna nguvu, kwa hiyo Jumamosi sipangi kushona wala simwahidi mteja kitu. Niliwahi kuahidi mfarishi wa harusi kwa tarehe, ugonjwa ukapamba moto, harusi ikapita bila mfarishi. Sasa naahidi mwezi, siahidi siku, na mteja anaambiwa sababu mapema.

Hatua ya 2: Meza, kiti na cherehani

Cherehani yangu ni ya kukanyaga. Goti lilipokataa nikafungiwa mota ndogo nyuma ya kichwa chake, na kikanyagio chake cha umeme nimekiweka juu ya meza, si chini. Nakibonyeza kwa mkono wangu wa kushoto, sehemu ya karibu na kiwiko, viganja vikibaki huru kuongoza kitambaa. Kama kifundo cha mguu wako ni kizima lakini goti halikunji, kiinue kikanyagio juu ya tofali pana. Umeme ukikatika, kazi ya siku hiyo inahamia kwenye kupanga rangi.

Meza imeinuliwa kwa vigingi vya mbao ili mikono ya kiti changu cha magurudumu, ninachokalia pia nikishona, iingie chini yake. Kabla ya kushona nafunga breki za magurudumu. Usipofunga, kiti kinarudi nyuma kidogo kidogo na wewe unajikunja kukifuata kitambaa. Mabega yakipanda kuelekea masikioni, meza ni ndefu mno au umekaa chini mno. Kushoto kwangu kuna meza ya pili yenye kimo kilekile. Hii usiidharau. Kitambaa kinachoning'inia kinavuta, na anayeshindana na huo mvuto ni kiganja chako.

Hatua ya 3: Vitambaa

Mabaki ya vitenge nayapata kwa mafundi wenzangu. Chagua ya pamba tupu, na yafue kwanza, yale mapya peke yake, mpaka maji yatoke meupe. Katikati natumia blanketi jepesi la mtumba. Usitumie sufi: ni nzuri ndani ya mto, lakini kwenye mfarishi hujikusanya pembeni baada ya kufuliwa mara mbili tatu.

Mkasi ndio adui mkubwa wa vidole, kwa hiyo sikati, nachana. Kitenge cha pamba ukikikata kidogo ukingoni kinachanika moja kwa moja kufuata uzi wake. Kwa kuwa kuvuta kwa vidole nako kunaumiza, nabana ncha moja kwenye droo ya meza, ncha ya pili naizungusha kwenye mkono juu ya kiganja, halafu naegemea nyuma. Mwili ndio unaovuta. Tepe ziwe na upana wa inchi 2 hadi 3, zisilingane, ndiyo uzuri wake. Kwa pale ambapo mkasi haukwepeki, vishikio vyake nimevizungushia mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, na nakata nao ukiwa umelala mezani, siuinui.

Hatua ya 4: Kushona mraba

Kata blanketi na bitana inchi 15 kwa 15. Kazi hii ya kukata miraba 30 ya kila tabaka nampa mwingine, sioni haya. Laza bitana uso ukiangalia chini, juu yake blanketi.

Weka utepe wa kwanza katikati ya blanketi, uso juu, kutoka ukingo hadi ukingo. Juu yake laza utepe wa pili uso ukiangalia chini, kingo zao za upande mmoja zikilingana. Shona robo inchi kutoka ukingoni, sindano ikipita matabaka yote hadi bitana. Funua utepe wa pili ulale, na uukandamize kwa mgongo wa mwiko wa mbao badala ya kuinua pasi. Weka wa tatu juu ya wa pili, shona, funua. Endelea mpaka ufike mwisho wa mraba, kisha rudi katikati uelekee upande wa pili. Tepe saba au nane zinatosha.

Angalia kilichotokea: kila mshono uliounganisha tepe umeshikiza pia blanketi na bitana. Hakuna bandi, hakuna pini nyingi za kuchomeka na kuchomoa.

Usishone mraba mmoja hadi mwisho. Andaa mitano, ushone utepe mmoja kwenye kila mraba, mmoja ukifuatiwa na mwingine bila kukata uzi katikati, kama mshikaki. Mwisho unatenganisha yote kwa pamoja, na vidole vimepumzika.

Kama una khanga ya mtu uliyempenda, utepe wenye jina la khanga uwe wa kwanza, ule wa katikati, na uuache mpana ili maandishi yote yasomeke. Mimi nina mraba wa khanga ya marehemu mama yangu katika mfarishi ninaojifunika, na nauweka upande wa kichwani.

Mraba ukijaa, weka juu yake kadibodi ya inchi 14 kwa 14, chora kwa chaki, punguza kingo.

Siku za kitandani nazo zina kazi. Ungo mapajani, tepe ndani yake, napanga rangi za miraba inayofuata. Ni mwepesi, una ukingo, na vitu havimwagiki.

Hatua ya 5: Kuunganisha

Hapa soma polepole, na ujaribu kwanza na vipande vya ovyo.

Kila maungio yana kanda mbili. Wa mbele una upana wa inchi 1. Wa nyuma una inchi 1¾, nao unakunjwa katikati kwa urefu na kupigwa pasi.

Chukua mraba wa kwanza. Kwenye uso wake laza ukanda wa mbele, uso kwa uso. Kwenye bitana, ukingo huohuo, laza ule uliokunjwa, upande wake usio na mkunjo ukilingana na ukingo. Mshono mmoja wa robo inchi unashika vyote. Sasa funua ukanda wa mbele, na ukingo wake uliobaki uunganishe na mraba wa pili, uso kwa uso, robo inchi tena. Ule wa nyuma uweke kando usishikwe. Ukifungua utaona miraba imekutana ndani ya ukanda bila kupandana, maana zile robo mbili zinajaza nusu inchi iliyobaki. Geuza. Ukanda uliokunjwa unalala juu ya maungio na kuyafunika. Mara ya kwanza nilikata wa nyuma inchi 1½, haukufunika mshono wa pili, nikafumua yote. Usipunguze.

Wazee wetu wangemalizia huo ukanda wa nyuma kwa mkono. Mimi napitisha cherehani ukingoni mwake, kwa uzi wa rangi ya ukanda. Mstari unaonekana mbele, pembeni kidogo mwa ukanda, na haunisumbui. Ukitaka mkono, mjukuu wangu wa darasa la nne hunisaidia hivi: kabla ya kwenda shule anapitisha sindano kumi kwenye uzi mmoja ulio bado kwenye kidonge chake. Nikihitaji sindano navuta moja na urefu wa uzi wake, nakata, nyingine zinabaki. Na sindano ikikwama, kipande cha puto kinaishika kuliko vidole.

Tengeneza safu sita za miraba mitano. Unganisha safu tatu, halafu tatu nyingine. Kanda ndefu zichane kufuata urefu wa kitenge ili zisiwe na viungio. Mshono wa kuunganisha nusu mbili ndio pekee ninaoogopa, na siufanyi bila mtu wa kusimama nyuma ya meza na kubeba uzito. Ukimaliza unapata takriban inchi 70 kwa 84. Zungusha ukingo wa utepe wa inchi 2½ uliokunjwa, nao kwa vipande vya dakika 20, upande mmoja kwa siku.

Hatua ya 6: Kufua

Usiufue wewe. Mfarishi ukilowa hauinuliki kwa mikono yetu. Mwenye miguu mizima aukanyage ndani ya karai kubwa, watu wawili waukamue kwa kuukandamiza bila kuusokota, na waanike juu ya kamba mbili zinazokwenda sambamba, ili maji yatoke bila kuvuta mishono ya katikati. Kamba yangu ya pili iko karibu na dirisha, naona rangi zote nikiwa nimekaa.