Silinda ya pikipiki ya Bantam ikikamata pistoni: isafishe, ipime, ndipo uamue kuboa

Silinda ya chuma ina uhai wa kuhesabika. Kila inapopelekwa kwenye mashine kuboa, yaani kupanuliwa tundu lake kwa kisu, chuma kinachotoka hakirudi, na saizi zikiisha hubaki kutia slivu (bomba jipya la chuma ndani ya tundu), ambayo kwa injini ya mipigo miwili ni kazi nzito kuliko watu wanavyodhani. Kwa hivyo huniuma kuona silinda ya pikipiki ya zamani imepanuliwa kwa sababu tu fundi aliona mistari ndani yake na hakutaka kujua mistari ile ni ya nini. Nitaeleza nifanyavyo mimi hapa karakanani kwangu Majengo, Mombasa. Mfano wangu ni BSA Bantam D1, kwa kuwa ndiyo nipendayo kuishika, lakini mengi ya haya yanafaa kwa pikipiki yoyote ya zamani ya mipigo miwili yenye silinda ya chuma.

Bantam D1 ilianza kutoka kiwandani Birmingham mwaka 1948. Ramani ya injini yake ni ya Wajerumani, DKW RT 125, iliyochukuliwa na Waingereza baada ya vita kama sehemu ya fidia. Yamaha nao walipotengeneza pikipiki yao ya kwanza, YA-1 ya mwaka 1955, walifuata ramani hiyohiyo. Silinda ni chuma cha kusubu, hedi (kifuniko chake cha juu) ni alumini. Tumbo la silinda lina upana wa milimita 52 na pistoni husafiri milimita 58, jumla sisi (cc) 123. Pistoni kubwa zaidi ya zile za asili hupatikana kwa kawaida katika vipimo vya Kiingereza: zaidi kwa inchi 0.020, 0.040 na 0.060, yaani kama nusu milimita kila hatua. Ukifika hatua ya mwisho tumbo limekuwa milimita 53.5, injini imefika sisi 130, na hapo umeimaliza silinda. Weka hesabu hiyo kichwani kabla hujamwambia mtu yeyote awashe mashine.

Huku pwani kinachoua silinda mara nyingi si safari, ni kusimama. Injini hii haina valvu. Matundu yake yako kwenye ukuta wa silinda, na pistoni ndiyo mlango wa kuyafunga na kuyafungua. Pikipiki ikisimamishwa pistoni ikiwa chini, tundu la eksozi linabaki wazi, na hewa yenye chumvi inapanda kupitia bomba mpaka ndani. Pikipiki iliyolala uani Kibokoni misimu kadhaa ya kusi utaikuta na pete ya kutu pale ringi za pistoni zilipokaa, na madoadoa upande wa eksozi. Ringi nazo zimegandana na ukuta.

Ikiwa kiki haishuki, usiirukie. Toa plagi, mimina ndani mchanganyiko wa nusu dizeli na nusu oili ya giaboksi ya otomatiki, uiache inywe kwa siku kadhaa, ukiongeza kila inapopungua. Kisha tia gia ya juu kabisa na utikise gurudumu la nyuma mbele na nyuma, taratibu, bila papara. Ikikataa, toa hedi, mwagia silinda maji ya moto kwa nje, halafu gonga pistoni kwa kipande cha mti mgumu kilichokaribia upana wake. Pistoni haigongwi kwa chuma. Mchanganyiko ule utakuwa umeshuka kwenye krenki, chini ya silinda, kwa hivyo usisahau kuutoa na kuisafisha sehemu hiyo kabla ya kufunga.

Nati za Bantam si za milimita. Spana za pikipiki za siku hizi hula pembe zake, nawe utabaki na nati ya duara juu ya silinda isiyofunguka. Tafuta spana za vipimo vya Kiingereza vya zamani. Hata zilizochakaa ni bora kuliko mpya isiyokaa. Unapoinua silinda, iinue wima bila kuizungusha, kwani ncha ya ringi inaweza kuingia katika tundu na kuvunjika. Ikiinuka kidogo tu, ziba mdomo wa krenki kwa kitambaa safi ndipo uendelee.

Sasa osha silinda kwa mafuta ya taa, ipeleke kwenye mwanga wa jua na uisome. Mistari myembamba iliyosimama, pande zote, ni vumbi lililopita kwenye kabureta. Kukwaruzika kuzunguka pande zote ni oili iliyokosekana. Alama 4 kwenye pembe 4 ni pistoni iliyotanuka kwa joto kupita nafasi yake. Alama nene upande wa eksozi peke yake aghalabu ni joto kali la upande ule, na mara nyingi chanzo chake ni hewa inayovuja mahali: sili za krenki zilizokauka, au gasketi ya chini ya silinda. Hewa ikizidi, petroli hupungua, na oili hupungua pamoja nayo kwa kuwa zimechanganywa. Sili zikiwa kuukuu zibadilishwe sasa. Silinda mpya juu ya sili mbovu itakamata tena.

Kisha kuna ile mistari ya rangi ya fedha, ambayo ndiyo hasa iliyonifanya niandike. Pistoni ni alumini. Inapokamata, alumini huyeyuka kidogo na kupakwa kwenye ukuta wa chuma. Ukipitisha kidole unahisi mikwaruzo, na fundi mwenye haraka atakwambia silinda imekatika. Lakini wakati mwingine ukuta haujapoteza kitu, umeongezewa. Niliwahi kuletewa silinda iliyokwisha kupanuliwa mahali pengine hadi saizi ya mwisho, pamoja na pistoni yake ya zamani. Pistoni ile ilikuwa imepoteza alumini upande mmoja tu, juujuu. Mwenyewe, mzee mmoja aliyerithi pikipiki ile kwa baba yake, alikuwa amelipia kuondolewa chuma kisicho na jeraha.

Dawa yake ni kostiki soda, ileile ya watengeneza sabuni, ambayo hula alumini na kuacha chuma. Fanya kazi hii nje, penye upepo, bila sigara wala moto karibu, maana gesi inayotoka huwaka. Vaa glavu za mpira na miwani ya kazi. Weka maji kwanza kwenye kikombe cha plastiki, ndipo utie soda kijiko kimoja cha chai, si kinyume chake. Chovya pamba iliyofungwa kwenye kijiti na upake juu ya mstari wa fedha tu. Utaona povu dogo dogo likichemka pale penye alumini, na kando yake, penye chuma kitupu, kimya. Ikitulia futa, suuza, paka tena. Siku povu haliji tena, alumini imekwisha. Suuza kwa maji mengi na upake oili papo hapo. Hedi na pistoni zisikaribie dawa hii hata tone, na usiijaribu kamwe kwenye pikipiki ambayo silinda yake ni ya alumini.

Baada ya hapo pitisha ukucha kukingama mistari iliyobaki. Ukucha usipokwama, msasa namba 400 uliolowa oili, ukizungushwa kwa mshazari huku na huku, utatosha kuisafisha. Ukikwama, chuma kimejeruhika kweli, na vivyo hivyo kwa vishimo vya kutu pale ringi zinapopita. Vishimo vilivyo chini kabisa, ambako ringi hazifiki, havinisumbui.

Kupima ndiko kunakoamua. Mwenye geji ya ndani na maikromita apime sehemu 3, juu, katikati na chini, na kila sehemu mara mbili, mbele-nyuma na kushoto-kulia, akikwepa matundu. Asiye navyo atumie ringi mpya na fila (vibapa vyembamba vya kupimia mwanya). Iingize ringi peke yake chini ya silinda, isukume kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, upime mwanya wa ncha zake. Ipandishe mpaka juu, chini kidogo ya ule ukingo wa mwisho wa ringi, upime tena. Tofauti ya mianya igawe kwa 3.14, nawe umepata tofauti ya upana. Tuseme chini ni milimita 0.25 na juu 0.56: tofauti ni 0.31, kwa hivyo silinda imepanuka juu kwa kiasi cha milimita 0.1. Njia hii haikuonyeshi kama silinda imekuwa yai, lakini kwa fila ya bei ndogo unapata jibu ambalo jicho haliwezi kutoa.

Mimi nikikuta tofauti iko chini ya milimita 0.1 na ukucha haukwami, natia ringi mpya na kuhoni (kusugua ukuta kwa mawe ya hone) kidogo, basi. Ikizidi, au kukiwa na jeraha, nahesabu kina chake. Jeraha la milimita 0.15 huhitaji milimita 0.3 za upana, kwa hivyo inchi 0.020 inalimaliza. Kuruka hadi 0.040 ili kuwa na uhakika ni kumwibia atakayeimiliki pikipiki ile baada yako.

Kama mapezi ya kupoza yamevunjika na unataka yachomelewe, lifanye hilo kabla ya kuboa, kwani joto hupotosha tumbo. Silinda ipashwe moto yote kwanza, na baada ya kuchomelea izikwe kwenye majivu makavu ipoe polepole. Chuma cha kusubu kikipoa haraka hupasuka.

Nunua pistoni kwanza. Ikiwa inatoka Uingereza, ngoja ifike. Fundi wa mashine apewe silinda na pistoni pamoja, apime pistoni chini kwenye sketi, upande unaokingama na pini, kisha aboe kwa kuifuata pistoni ile yenyewe. Nafasi kati ya pistoni na ukuta itoke kwenye karatasi ya mtengenezaji. Ikiwa haisemi, mimi huomba karibu milimita 0.08 kwa silinda hii. Mwambie mambo mawili zaidi. Silinda ikae mashineni kwa uso wa chini, ule unaokaa juu ya krenki, la sivyo tumbo litakwenda mshazari. Na asimalize saizi yote kwa kisu: abakishe kama milimita 0.05 za kuhoni, mistari ya hone ikikatana kwa kadiri ya digrii 45.

Kisu kikipita, kila tundu linabaki na ukingo mkali. Ukiifunga silinda hivyo, ringi itakwama na kukatika. Nakaa nao kwa tupa ndogo ya duara na kipande cha msasa, nauvunja makali pande zote, juu na chini ya kila tundu, mpaka pamba ikipita haiachi hata uzi. Kazi hii haionekani kwa mteja, na mashineni wengi huiacha. Iulizie, au ifanye mwenyewe.

Halafu osha. Petroli peke yake haitoi unga wa hone. Tumia maji ya moto na sabuni na brashi, ufute kwa kitambaa cheupe, na urudie mpaka kitambaa kitoke cheupe. Maji yawe matamu. Maji ya kisima cha kisiwani yana chumvi. Kausha na upake oili palepale, kwa sababu katika unyevu wetu chuma kitupu hubadilika rangi ukiwa bado unatafuta chupa.

Ringi zipimwe tena ndani ya silinda, mwanya wa milimita 0.2 hadi 0.3, na ukipungua ncha zipigwe tupa. Ncha zikae kwenye vijipini vyake vya pistoni. Pini ya pistoni huingia kwa ulaini ukiipasha pistoni kwenye maji yanayochemka na kuikausha. Klipu za pini ziwe mpya daima. Shusha silinda wima, kaza nati za hedi kwa kukingamisha, kidogo kidogo, na uzikaze tena injini ikishapata moto mara ya kwanza na kupoa kabisa.

Kwa kilomita 500 za mwanzo natia oili sehemu 1 kwa petroli sehemu 20. Siku ya kwanza washa, ipate moto, zima, ipoe kabisa, kisha rudia. Endesha alfajiri, barabara ikiwa wazi, kwani silinda hii hupozwa na upepo tu. Foleni ya Makupa adhuhuri si mahali pa injini mpya, na kwenye foleni ya feri ya Likoni zima kabisa. Usiilazimishe gia ya juu ikiwa inanung'unika, wala usifungue gesi yote. Ukishuka Daraja la Nyali huku umefunga gesi, oili nayo imefungwa. Vuta klachi, au fungua gesi kidogo mara kwa mara.

Na ikija siku ya kuilaza, tia vijiko viwili vya oili kupitia tundu la plagi, piga kiki polepole ienee, kisha isimamishe pistoni ikiwa juu kabisa, pale tundu la eksozi linapozibwa. Mwisho wa bomba la eksozi uzibe kwa kitambaa kilicholowa oili, na ufunge kitambaa kingine chekundu kwenye usukani ili atakayeiwasha akumbuke kukitoa cha kwanza.