Homa ya mtoto haishuki? Mkague dalili za Kawasaki kama wanavyofanya Japani

Kama mwanao hajafika miaka 5, homa imegoma siku ya nne ya tano, malaria imepimwa haipo na antibayotiki anakunywa lakini wapi, naomba umvue nguo umkague sehemu yenye mwanga. Kuna ugonjwa wa mishipa ya damu kuvimba unaitwa Kawasaki, kwetu hausikiki sana ila Japani mwaka 2019 ulipata watoto zaidi ya 300 kwa kila laki moja wa umri huo. Daktari Tomisaku Kawasaki alimwona mgonjwa wake wa kwanza Januari 1961, mwaka 1967 akaandika kuhusu watoto 50.

Anza na macho. Yanakuwa mekundu yote mawili ila hayana tongotongo, hapo ndo linapotofautiana na surua ambayo inakuja na machozi, mafua na kikohozi. Halafu midomo, inakauka na kupasuka mpaka inatoa damu, ulimi unakuwa mwekundu na vijipele kama stroberi. Angalia vipele mwilini, viganja na nyayo kama zimevimba, na tezi ya shingoni, mara nyingi upande mmoja.

Sasa hapa ndo nataka utulie. Angalia kovu la chanjo ya BCG, ile ya kifua kikuu. Japani wanachanja na kifaa chenye sindano 9 wanakibonyeza mara mbili kwenye mkono wa juu, upande wa nje, zinabaki alama 18, na mtoto akipata Kawasaki zile alama zinaamka upya, zinakuwa nyekundu na kuvimba wakati chanjo ilishapona miezi mingi nyuma. Madaktari wao wameiweka kabisa kwenye vigezo vyao. Na sisi watoto wetu karibu wote wanachanjwa BCG, Tanzania bega la kulia, Kenya mkono wa kushoto, kwa hiyo ukiona kovu limewaka usiseme kaumwa na mdudu.

Dalili haziji zote siku moja, kipele kinaweza kutokea leo kesho hakipo, piga picha kila siku na uandike tarehe homa ilipoanza. Kichanga wa miezi michache anaweza asionyeshe zote, huyo usimsubirishe.

Hospitali waambie wazi unahofia Kawasaki, omba eko ya moyo, yaani ultrasound ya kuangalia moyo. Dawa ni dripu ya imyunoglobulini (kingamwili zinazotolewa kwenye damu ya wachangiaji), gramu 2 kwa kilo, yaani mtoto wa kilo 10 anahitaji gramu 20, pamoja na aspirini ambayo daktari ndo anaipanga, wewe usimpe mwenyewe nyumbani hata kidogo. Inatakiwa ianze kabla ya siku ya 10 ya homa, maana asipotibiwa karibu mmoja kati ya wanne mishipa ya moyo inatanuka. Ngozi kubanduka kuanzia pembeni ya kucha inakuja wiki ya pili au ya tatu, homa inaweza kuwa imeshashuka yenyewe, ila eko bado anaihitaji.